Bi. Margaret Ajwang, Mwanamke Aliyeng'oa Waya

Ijumaa tarehe 29 Juni 2007, Bi. Margaret Ajwang Omolo atafunga droo ya meza yake katika ofisi yetu ya Kajiado na kwenda zake. Amekitumikia Kituo cha Lugha kwa miaka kumi na saba, tangu kilipokuwa chumba kimoja cha mawe nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi kule Kitengela. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake, kurasa chache tu, "za kuchangamsha watu." Nitachangamsha ninapoweza. Lakini nimekaa meza ya pili kutoka kwa Mama Lennox, kama tunavyomwita sote, kwa zaidi ya miaka kumi, na najua wasifu wake usiotaja mwaka wa 2003 utakuwa uongo. Basi nitautaja. Na nitautaja kwa hasira, kwa sababu hadi leo sijapata namna nyingine ya kuutaja.

Mama Lennox alizaliwa Karachuonyo mwaka wa 1952, akasomea upigaji chapa Kisumu, akaolewa na fundi wa umeme, marehemu Mzee Omolo. Kazi ya mumewe ndiyo iliyomleta Magadi, na Magadi ndiyo iliyomfunza Kimaasai. Katika joto lile lisilomwachia mtu nafasi hata ya kukasirika vizuri, akina mama wa Kimaasai walikuja mlangoni na maziwa. Kwao alijifunza kwanza kuhesabu, kisha kusalimia, kisha kugombana. Husema mtu hawezi kudai anaijua lugha mpaka agombane kwayo akashinda.

Mzee Omolo alipofariki, mama huyu aliwachukua watoto wake wawili, Lennox na Sheryl, akapanga nyumba Kitengela. Mapema mwaka wa 1990 akasikia kuna watu wanatafuta mpiga chapa wa kamusi ya Kimaasai. Aliyemhoji ni Mzee Parsaoti, mwalimu mstaafu na mhariri wetu mkuu tangu siku ya kwanza. Mama Lennox aliingia, akamwinamia kwa heshima na kumsalimia, "Takwenya!" Hiyo ni salamu ya kumsalimia mwanamke, si mwanamume. Chumba kizima kikacheka. Mzee Parsaoti, bila kutikisika, akaitikia "Iko!" kama bibi kizee, akampa kazi hapo hapo. Kwa miaka iliyofuata, kila asubuhi, wawili hao wamesalimiana hivyo hivyo, na mgeni asiyejua hudhani mzee ana kasoro fulani.

Kwa asiyeijua kazi yetu, niieleze. Tulizunguka na kinasa sauti kutoka Kimuka hadi njia ya Magadi, tukiwaomba watu watupe maneno: ya mifugo, ya mvua, ya ujenzi, ya magonjwa, ya majani ya dawa. Kila neno liliandikwa pamoja na maana yake, mfano wa sentensi, na jina la aliyelitoa. Mzee Parsaoti aliyaandika kwa mkono, Mama Lennox akayapiga chapa. Mwandiko wa mzee ulikuwa jambo zito. Siku moja Mama Lennox alimrudishia bahasha nzima na kusema, "Mzee, hebu niambie. Hii ni Kimaasai ama ni kuku ilipita na miguu chafu?" Mzee akaketi akaandika upya, ukurasa kwa ukurasa, kimya kama mwanafunzi.

Tulipohamia Kajiado mwaka wa 1996 tulipewa kompyuta. Mama Lennox alipelekwa masomoni Nairobi, akarudi na cheti na cheo kipya: msimamizi wa data. Kuanzia hapo mashine ilikuwa ufalme wake. Alijua faili gani iko wapi na nani aliifungua mara ya mwisho, na ole wako ukiweka kikombe cha chai karibu.

Katika wote waliotupa maneno, mmoja lazima nimtaje: Mama Naserian wa Kimuka. Yeye ndiye aliyetupa rangi za ng'ombe. Wengine walitutajia rangi chache. Yeye alitutajia mpaka Mzee Parsaoti, aliyezaliwa katika ng'ombe, akaacha kalamu na kubaki akisikiliza tu. Alikuwa na ulimi mkali, na Mama Lennox alikuwa na wake. Walitukanana kwa mapenzi kila walipokutana, huyu akimwita mwenzake mla samaki, yule akimjibu kwamba hata samaki anaoga. Mama Naserian alifariki Januari 2003, na Mama Lennox alikwenda Kimuka kumlilia kama dada yake.

Sasa mwaka wenyewe.

Mkurugenzi wetu wakati huo alikuwa Bwana Nashon. Alitujia mwaka wa 2001, mtu mtanashati, msemaji mzuri mbele ya wageni. Mama Lennox alikuwa amemwomba mara kadhaa kitu kimoja: diski ya pili, ili kamusi iwe na nakala. Alimweleza kwamba maneno yote yako mahali pamoja. Karatasi za zamani tuliziacha Kitengela tulipohama, mchwa wakazimaliza. Tepu tulirekodi juu yake tena na tena kwa sababu hatukununuliwa nyingine. Disketi zilizokuwepo zilikuwa za miaka ya nyuma, nyingi zimekufa. Bwana Nashon alisema ataliangalia jambo hilo. Alichonunua ni viti vya ngozi vya chumba cha mikutano. Viti hivyo bado vipo. Mtaketi juu yake siku ya sherehe. Mkiketi, mkumbuke.

Siku ile ya Septemba tulikuwa tukingoja wafadhili waje kesho yake. Bwana Nashon alitaka picha zake za hafla ziwe kwenye mashine kubwa, awaonyeshe. Diski ilikuwa imejaa. Mama Lennox alikuwa ametoka kwenda kula. Nilimwona mkurugenzi akikaa kwenye kiti chake na kuanza kuandika amri, nikasimama.

"Bwana Nashon, tumngoje Mama Lennox. Anarudi sasa hivi."

"Resian, mimi nilianza kompyuta wewe ukiwa bado nursery."

"Lakini hiyo folda ndio kamusi yote."

"Sifuti. Nasongesha tu."

Na kweli alisongesha. Kwa amri fupi ya herufi mbili alihamisha folda nzima ya kamusi, akaitupa katika sehemu ya mashine inayoshika vitu vya muda, vitu ambavyo mashine yenyewe inajua havina maana. Sehemu hiyo hufagiliwa kila mashine inapowashwa upya. Ndivyo ilivyoundwa. Mama Lennox alikuwa amebandika onyo kuhusu jambo hilo pembeni mwa skrini kwa herufi kubwa. Kisha mashine ikaanza kujikokota, na Bwana Nashon akafanya anachofanya mtu asiye na subira. Akaizima, akaiwasha.

Ilipoamka, ilikuwa imefagia. Nafasi ikawa tele. Akafurahi, akaanza kumimina picha zake.

Mama Lennox aliingia akiwa na mkebe wa chakula mkononi. Hakuuliza kwa nini kiti chake kina mtu. Aliinama, akasoma skrini, akauliza kwa sauti ya chini sana, "Kamusi iko wapi?"

"Nimeisongesha kidogo. Iko hapo kwa temporary."

"Na hii mashine, mbona inasema imewashwa sasa hivi?"

"Ilikuwa imekwama. Nikarestart."

Nilimwona Mama Lennox akishika meza. Kisha akasema, "Simamisha hizo picha."

"Zimebaki chache."

"Bwana Nashon, hayo maneno hayajaenda mbali. Yako ndani ya diski bado, ni vile tu mashine imesahau mahali iliyaweka. Lakini kila picha unaweka sasa inaenda kukalia neno. Simamisha."

"Mama, punguza sauti. Unaongea na mkurugenzi wako."

"Simamisha!"

Bwana Nashon akageuza uso kwenye skrini, akaendelea. Basi mwanamke huyu wa miaka hamsini na moja, mwenye goti bovu, akapiga magoti chini ya meza, akashika waya wa umeme kwa mikono yote miwili, akaung'oa ukutani. Skrini ikawa nyeusi. Akabaki pale chini, waya mkononi, akihema, na akasema kwa Kijaluo neno ambalo Lennox amekataa kunitafsiria.

Kesho yake wafadhili walikunywa chai na kwenda. Siku iliyofuata kamati ya uongozi wa Kituo iliketi. Bwana Nashon akatoa taarifa, na taarifa yake ilikuwa hii: Bi. Ajwang, kwa ghadhabu, aling'oa umeme mashine ikiwa inafanya kazi, na kwa kitendo hicho akaiharibu kamusi.

Someni tena sentensi hiyo. Kila kitu ndani yake ni kweli isipokuwa kile kilicho na maana. Aling'oa umeme, ndiyo. Alikuwa na ghadhabu, ndiyo. Mashine ilikuwa inafanya kazi, ndiyo, kazi ya kuyazika maneno ya watu wa Kajiado chini ya picha za karamu.

Nilisimama nikasema nilichokiona. Mzee Parsaoti naye akasimama akasema anaamini nilichokiona. Tukaambiwa hilo ni suala la kiufundi, si la wahariri. Tukaulizwa kama tuna cheti cha kompyuta. Aliyekuwa na cheti alikuwa mmoja tu chumbani mle, na ndiye aliyekuwa akishtakiwa. Mama Lennox alipopewa nafasi ya kujitetea hakujitetea. Alisema, "Andikeni ile mnataka. Nisimamisheni, nifukuzeni, sawa. Lakini hiyo diski msiiwashe. Nawaomba. Mtu yeyote asiiwashe."

Wakamsimamisha kazi. Wakamwandikia barua yenye maneno "uharibifu wa mali ya Kituo kwa makusudi." Mtu aliyepiga chapa kamusi hiyo neno kwa neno, akaitwa mharibifu.

Mzee Parsaoti alivua koti, akaingia ofisini, akaibeba ile mashine kifuani kama ndama mgonjwa, akaifunika kwa blanketi nyuma ya pikapu yake. Bwana Nashon alimfuata hadi mlangoni. "Mzee, hiyo ni mali ya Kituo!"

"Niandikie barua na mimi," mzee akamjibu, akawasha gari.

Alikwenda nayo Kitengela, nami nikafuatana naye, kwa Bi. Wanjira, fundi wa kompyuta ambaye Mama Lennox alikuwa amemwamini tangu zamani. Wanjira alikuwa na chumba cha kazi kando ya barabara, kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alisikiliza kisa chote akiwa amekunja mikono. Mama Lennox alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, uso umevimba kwa kukosa usingizi, na swali lake lilikuwa moja tu: je, waya ule ndio ulioua?

"Mama, nani amekuambia hivyo?" Wanjira akauliza.

"Kamati."

"Basi kamati imekudanganya. Ulipong'oa hiyo waya ndio uliokoa kila kitu kimebaki. Ungeacha hizo picha ziishe, tungekuwa tunaongea habari ya mazishi."

Mama Lennox akainamisha kichwa. Tulidhani atalia. Alipokiinua, macho yalikuwa makavu na yanawaka. Akasema, "Haya. Tuanze."

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa jinsi Wanjira alivyonieleza. Kwanza alitengeneza nakala ya diski nzima, kila chembe yake, hata zile sehemu ambazo mashine ilidai ni tupu, ili ile yenyewe isiguswe tena. Halafu akaiamuru mashine isahau habari ya mafaili na folda, isome tu kila kilichoandikwa kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho, na isimame kila inapoona alama ambayo Mama Lennox alikuwa akiiweka mbele ya kila neno la kamusi. Mashine ilipoanza kusimama, ilisimama kila mahali. Maneno yalikuwepo! Nakumbuka nilivyomkumbatia Wanjira hadi akalalamika.

Lakini yalitoka yamechanika. Nusu ya neno hapa, maana yake kule, sentensi imekatika katikati na kuunganishwa na mkia wa sentensi nyingine. Pia zilitoka nakala za kale tulizokwisha kuzisahihisha, zimechanganyika na zile mpya kama nafaka na makapi. Mashine isingeweza kutuambia kipande kipi ni cha kipi. Walioweza ni wale waliotoa maneno.

Basi wakaitwa. Mzee Parsaoti aliwafuata kwa pikapu, na wengine walikuja wenyewe waliposikia. Walitoka Kimuka, Tuala, Isinya, mpaka njia ya Magadi. Waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha Wanjira, wanawake na shanga zao, wazee na fimbo zao, na watu wa Kitengela wakapita wakidhani kuna baraza la chifu. Ndani, Mama Lennox alisoma kipande kwa sauti. Nje, mtu akaitikia, "Hicho ni changu! Mwisho wake ni huu." Akaumalizia, Mama Lennox akautafuta, akaunganisha. Alifanya kazi hiyo wiki baada ya wiki akiwa amesimamishwa kazi, bila cheo, bila meza, kwenye kreti ya soda. Nilikuwa nikienda kila Jumamosi. Sikuwahi kumsikia akiimba wala kutania siku zile. Alifanya kazi kama mtu anayevunja mawe.

Siku ya rangi za ng'ombe ilipofika, binti yake Mama Naserian alikuja pamoja na akina mama wanne wa Kimuka. Vipande vilikuwa vingi na mwenyewe hayupo. Walijitahidi. Rangi moja baada ya nyingine ilisimama tena kwa miguu yake. Kisha Mama Lennox akafungua kipande cha *arus*, ng'ombe mwenye mabaka meusi na meupe, akaanza kusoma mfano wa sentensi kama ulivyotolewa na marehemu. Akaishia njiani, akaisogelea skrini.

"Soma, Ng'oto Lennox," binti akasema. Ndivyo wanavyomwita Wamaasai, mama yake Lennox.

Akasoma: "Ng'ombe huyu ni *arus*, kama gauni la mpiga chapa wetu aliyejimwagia wino."

Wale akina mama wakaangua kicheko, kicheko cha kushikana mabega, na kabla hakijaisha kikawa kilio, kwa sababu ilikuwa ni sauti yake kabisa, ni yeye kabisa, ameketi nasi. Mama Lennox akapiga meza kwa kiganja. "Yawa! Huyu mama alinitukana ndani ya kamusi, na nikaandika kwa mkono yangu mwenyewe!" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Binti akamshika mkono, na hawakuachana mpaka kazi ya siku ile ikaisha.

Natamani ningeishia hapo. Siwezi.

Kabla ya Krismasi tulikuwa tumerudisha karibu kamusi yote. Kilichokosekana ni sehemu ya majani ya dawa. Wanjira aliitafuta kwa kila njia. Hatimaye alituita mimi na Mama Lennox, akatuonyesha alichokikuta mahali pale kwenye diski palipokuwa na dawa ya homa ya ndama, na mzizi wa kumpa mama aliyejifungua, na gome la kutuliza kifua. Palikuwa na picha. Bwana Nashon akikata utepe. Picha safi kabisa, haina hata doa, utepe mwekundu, mkasi, tabasamu.

Mzee aliyetupatia majani yale alikuwa amefariki mwaka wa 1999. Hakuwa na mtoto aliyeyarithi. Wanawe walisoma, wakaenda mjini, wakaona dawa ni za duka. Alitupatia sisi, kwa sababu tulimwahidi kwamba tutayatunza. Mama Lennox aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akamwomba Wanjira aifunge. Alisema, "Ningerudi mapema na hiyo chakula." Nilimkaripia, na ndiyo mara pekee niliyowahi kumkaripia mtu aliyenizidi umri. Kosa halikuwa lake. Halikuwa lake hata kidogo. Lakini hivi ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu: mwenye kosa analala usingizi, na asiye na kosa anakaa macho akijiuliza.

Januari alipigiwa simu arudi kazini Jumatatu. Hakuna barua, hakuna maelezo. Alikuja, lakini hakuenda mezani kwake. Alikwenda mbele ya kamati, akaomba mambo mawili: barua ya kumwita mharibifu ifutwe, na ukweli uandikwe. Mwenyekiti akamwambia kwa upole mwingi, "Mama, mambo tumeshayamaliza. Yaliyopita si ndwele."

"Kwa nani?" akauliza. "Kwa ule alikanyaga ama kwa ule alikanyagwa?"

Wakafunga kikao. Wengi wetu tulimwambia aondoke, asitumikie watu wa namna hiyo. Nilimwambia mimi mwenyewe. Akanitazama kama nimeandika neno vibaya. "Resian, nikienda nani atamaliza hii kazi? Wale akina mama wa benchi waliniamini. Hawakuamini kamati." Akaketi, akawasha mashine, akaanza pale alipokuwa ameachia.

Tangu siku hiyo, nakala za kazi yetu hukaa mahali patatu: ofisini, kwa Wanjira, na nyumbani kwa Mzee Parsaoti. Kila Ijumaa Mama Lennox alizipeleka mwenyewe Kitengela ndani ya mkoba wake, zimefungwa kwenye kitambaa. Aliwafundisha wote walioajiriwa baada yake kwamba kabla ya kuhamisha kitu, unasoma amri yako kwa sauti mbele ya mtu wa pili. Vijana walimcheka. Sasa wanaifanya bila kufikiri, hata wanapohamisha viti.

Kamusi ilichapishwa mwaka wa 2005. Fungueni utangulizi wake. Mkurugenzi ameshukuriwa "kwa kuongoza uokoaji wa data kwa ujasiri." Mama Lennox yumo katika neno "wengineo." Siku ya uzinduzi, hapa Kajiado, hema lilijaa waheshimiwa, na yeye akawekwa mlangoni agawe ratiba. Mwenyekiti alipokuwa akisoma majina ya kushukuriwa, wanawake wa Kimuka waliokuwa mstari wa mbele walikuwa wakisikiliza kwa makini. Majina yakaisha. Binti yake Mama Naserian akasimama, akauliza kwa sauti ya kufika hadi barabarani, "Na Ng'oto Lennox yuko wapi?"

Mtu akamwonyesha mlangoni. Wakasimama wote. Wakaviacha viti vya mbele, wakapita katikati ya hema bila haraka, shanga zikilia, wakaenda wakaketi kwenye nyasi kumzunguka mama mwenye ratiba mkononi. Waheshimiwa wakabaki wakihutubia viti. Sherehe nzima sikumbuki hotuba hata moja. Nakumbuka mgongo wa Mama Lennox ulivyonyooka.

Bwana Nashon aliondoka mwaka jana kwa hiari yake, akafanyiwa karamu, akapewa saa ya ukutani. Mzee Parsaoti ni kaimu mkurugenzi sasa, lakini barua iliyoandikwa na kamati haifutwi na kaimu. Kamati ndiyo yenye uwezo, na kamati haijaifuta. Iko kwenye jalada lake hadi ninapoandika haya. Mwanamke huyu ataondoka hapa, kwa mujibu wa karatasi zetu, akiwa mharibifu wa mali kwa makusudi.

Wanakamati wa sherehe walipousoma wasifu huu, walinitaka niondoe sehemu ya mwaka wa 2003 kwa kuwa "haifai kwa siku ya furaha." Walipeleka ombi hilo kwa Mzee Parsaoti. Alilisoma, akasema, "Mwaka huo ukitoka, na mimi natoka." Ndiyo maana mnausoma wote.

Sisi wafanyakazi tumekubaliana jambo moja, na tunalitangaza hapa ili asiwepo wa kushangaa. Keki imeagizwa, nyama itachomwa, wanakwaya wamefanya mazoezi. Lakini keki haitakatwa mpaka mwenyekiti asimame mbele ya watu wote, mbele ya Lennox na Sheryl, mbele ya akina mama wa Kimuka ambao wamealikwa na watakaa mstari wa mbele, atamke kwamba barua ile ni batili, na aseme ni kwa nini. Tutangoja. Tuna viti vizuri.

Mama Lennox anahamia Tuala kwanza, kwa Sheryl, ambaye amejaliwa mtoto wa kike. Baadaye anakusudia kwenda Karachuonyo kumalizia nyumba aliyoianza na marehemu mumewe. Anasema hataki kuona kompyuta. Hatumwamini. Tayari amemwomba Wanjira amtafutie mashine ndogo, kwa sababu ameanza kuandika, kwa kumbukumbu, majani yale aliyowahi kuyapiga chapa. Amepata machache. Kila analolipata anampigia simu Mzee Parsaoti kumsomea, na mzee analiandika kwa mwandiko uleule mbaya.

Kwa niaba ya wenzako wote wa meza hizi, Mama, asante kwa kila neno uliloliandika na kwa kila neno ulilolikatalia kufa. Asante kwa ukali wako, uliotufanya tuwe watu wa kuaminika. Mungu akupe miaka mingi, goti lisilouma, mjukuu wa kukutania, na majirani wanaosalimia vizuri. Nenda kwa amani, ulale usingizi wako wote. Hasira tuachie sisi. Tutaitunza.

Resian
Idara ya Uhariri, Kituo cha Lugha, Kajiado